Kutoka Jukwaani Hadi Pembeni ya Jukwaa: Mzito wa Bristol na Kijana wa Kilo 60 wa Malindi

Nenda baraza yoyote ya Malindi uulize David Prowse ni nani. Watu watatazamana. Watolee sasa picha ya lile jitu la filamu za angani, kofia nyeusi, kinyago, joho hadi miguuni, na hata watoto watakujibu: Darth Vader! Mwili uliokuwa ndani ya joho lile ulikuwa wa mnyanyua vyuma. Prowse alizaliwa Bristol mwaka 1935. Alikuwa bingwa wa Britania nzima wa uzito wa juu miaka mitatu mfululizo, 1962, 1963 na 1964, na mwaka huo wa 1962 aliivalia England jezi kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Perth, Australia. Baadaye akawa mwalimu wa mazoezi, akawa na jimu yake London. Alifariki Novemba 2020.

Nusu hiyo ya pili, ya ualimu, ndiyo nataka tuikalie. Huku Pwani karibu kila jimu ina baunsa mmoja mzito aliyegeuka mwalimu, na wengi wao wanafundisha mwili wao wenyewe. Kijana aliye mbele yao ana kilo 60 na mifupa mingine kabisa.

Kwanza tuuelewe uzito wa juu wa enzi zile. Madaraja yalikomea kilo 90. Ukipita hapo, hata kwa nusu kilo, uko kundi moja na mtu wa kilo 140. Daraja la zaidi ya kilo 110 lilikuja mwaka 1969 tu. Na aliyekuwa kileleni mwa kundi hilo duniani alikuwa Mrusi Yury Vlasov, ambaye Roma mwaka 1960 alinyanyua presi kilo 180, snachi (kutoka chini hadi juu ya kichwa kwa mvuto mmoja) 155, klini na jeki (kwanza hadi mabegani, kisha juu ya kichwa) 202.5, jumla 537.5. Miaka minne baadaye Tokyo, Leonid Zhabotinsky alimpiku Vlasov kwa jumla ya 572.5 dhidi ya 570. Bingwa wa kisiwa kidogo cha Ulaya alikuwa mbali na tarakimu hizo, na kimo cha Prowse hakikumsaidia. Alikuwa na sentimita 198 hivi. Mtu wa kimo hicho, akinyoosha mikono juu, mtaimbo, kile chuma kirefu kinachobeba sahani, unakaa karibu theluthi moja ya mita juu zaidi ya pale unapokaa kwa mtu wa sentimita 170. Kilo ni zilezile, safari ni ndefu zaidi, na kila sentimita ya ziada ni nafasi ya mtaimbo kuyumba. Katika timu hiyohiyo ya Perth alikuwamo Louis Martin, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, aliyehamia Derby. Yeye alikuwa daraja la kilo 90, bingwa wa dunia mara nne, shaba Roma, fedha Tokyo. Anayetaka kuona Mwingereza wa miaka ile akinyanyua kwa ufundi amtafute Martin. Prowse ana somo jingine.

Neno moja kuhusu presi, maana bado inatutesa. Ilikuwa ni kuupandisha mtaimbo kutoka mabegani hadi juu bila kukunja magoti. Wanyanyuaji wakazoea kulala nyuma mpaka ikawa kama wanasukuma wakiwa chali, waamuzi wakashindwa kukubaliana nini ni halali, na baada ya Michezo ya Olimpiki ya Munich ya 1972 ikafutwa. Zikabaki snachi na klini na jeki. Lakini ile tabia ya kulala nyuma haikufutwa. Iko kwenye jimu zetu hadi leo, inarithishwa na mabaunsa, na siku kijana anapojaribu jeki ya kweli kiuno chake ndicho kinachopinda badala ya magoti.

Kazi ya Prowse ya ualimu iliyovuma zaidi ilikuwa kumtayarisha Christopher Reeve acheze Superman. Reeve alikuwa mrefu, sentimita 193, lakini mwembamba, na alikataa kuvaa misuli ya bandia ndani ya nguo. Kwa muda wa miezi miwili hivi Prowse alimsimamia: mbio asubuhi, saa mbili za vyuma, kisha dakika 90 za trampolini, na chakula mara mbili ya alichozoea. Akaongeza zaidi ya kilo 10. (Asikudanganye mtu kwamba kilo 10 za miezi miwili ni misuli mitupu. Kuna maji humo, kuna chakula kilichomo tumboni, na kuna ukweli kwamba mwili ambao haujawahi kuguswa na vyuma huitika haraka mwanzoni kuliko utakavyoitika tena maishani.) Tazama alichokiepuka Prowse. Hakumwekea Reeve presi ya kilo 140 kwa kuwa yeye aliweza. Alitazama mtu aliyeletewa, akauliza anatakiwa afanye nini, akapima dawa.

Tena kuna ile kazi nyingine ambayo Waingereza wa umri fulani humkumbuka nayo zaidi ya filamu: kuanzia miaka ya 1970 alionekana kwenye matangazo ya televisheni akiwafundisha watoto kuvuka barabara, na mwaka 2000 akapewa nishani ya MBE. Jitu la karibu mita mbili likimwambia mtoto wa miaka sita: simama, tazama, sikiliza. Maneno matatu. Kama hukuwahi kufundisha vyuma unaweza kudhani hilo halihusiani. Linahusiana sana. Mnyanyuaji aliye chini ya uzani ana chini ya sekunde mbili za kazi halisi, na akili yake haina nafasi ya sentensi. Ajabu ni kwamba katika filamu iliyompa jina, sauti ya Prowse haikutumika. Iliwekwa ya James Earl Jones. Mwili wake ukafanya kazi yote kimya.

Basi maneno mafupi. Kila kosa lina neno lake, na mwanafunzi anapewa neno moja kwa siku. Anayekunja viwiko mapema, akivuta kwa mikono kama anachota maji kisimani, mwambie "kamba". Maelezo marefu hutolewa mara moja tu, kabla ya mazoezi: mikono ni henza ya jahazi, ile kamba ya kupandishia tanga; henza haivuti, wanaovuta ni mabaharia, na mabaharia ni miguu na mgongo. Kijana wa Lamu aliyewahi kupandisha foromali, ule mti wa tanga, hahitaji hata hilo. Anayeondoa visigino chini mapema ni "unyayo". Anayeupokea mtaimbo kifuani viwiko vikiwa vimeanguka ni "viwiko", na useme hivyo anapoanza kugeuza, maana akishafika chini umechelewa.

Sasa yale matatu ambayo mzito humharibia mwepesi. Mwanzo wa kuvuta ndio mbaya kuliko yote. Mtu wa kilo 120 ana tumbo na mapaja ya kuyatafutia nafasi, kwa hivyo hupanua miguu, hugeuza vidole nje, na huanza na makalio juu. Kwake ni sawa. Kijana wa kilo 60 akiiga, magoti yake yananyooka kabla mtaimbo haujafika gotini, mgongo unabaki kufanya kazi peke yake, na mtaimbo unamkimbia mbele. Mpange hivi: miguu chini ya nyonga, mtaimbo juu ya fundo la kamba ya kiatu, makalio juu kidogo ya magoti, mabega mbele kidogo ya mtaimbo, macho kwenye kitu kilicho mita nne mbele. Simama ubavuni kwake. Mtaimbo ukifika gotini ukiwa mbali na mguu kwa zaidi ya vidole viwili, makalio yalitangulia. Kuna kipimo kingine kisichodanganya: chora mstari wa choki sakafuni mbele ya vidole vyake. Baada ya snachi tazama vidole vimetua wapi. Vikivuka mstari, mtaimbo ulikwenda mbele na yeye akaufuata. Vikitua palepale au nyuma kwa sentimita chache, uache mvuto wake, shughulika na jambo jingine.

La pili ni kuteremka kwa jeki. Jina lake linafanana na jeki ya gari, na kazi ni ileile: kusukuma mzigo kutoka chini. Mtaimbo wenye kilo 180 hupinda kwenye ncha, na mzito hujifunza kungoja chini nukta moja ili ule mpindo umrushe. Yule mzee mzito akiwa mwalimu humwambia kijana mwenye kilo 70 juu ya mabega: "Ngoja, ngoja, sasa!" Kilo 70 haziupindi mtaimbo kiasi cha kumsaidia mtu. Anachongojea hakiji, na ule mkazo wa mapaja unapoa. Kwa uzani huo ateremke na kugeuka papo hapo. Kina cha kuteremka ni kama sehemu moja ya kumi ya kimo chake, kwa hivyo mtu wa sentimita 165 ashuke 16 hivi, visigino vimegusa chini muda wote. Zoezi lake ni la ukutani: mgongo na makalio vimegusa ukuta, ateremke na kupanda mara 10 bila makalio kuusukuma ukuta nyuma wala kifua kuuacha mbele. Wale walioathiriwa na presi ya kulala nyuma utawatambua hapohapo.

Urefu wa hatua ya jeki, ule mgawanyo wa miguu, watu huubahatisha bila sababu. Mwambie apige goti la nyuma chini. Muundi wa mguu wa mbele usimame wima, paja la mguu wa nyuma lisimame wima. Weka alama za choki kwa miguu yote miwili, kisha ainuke sentimita 10 hadi 15 bila kuhamisha nyayo. Hapo ndipo atue kila mara. Goti la nyuma libaki limekunjwa kidogo. Likinyooka kabisa, kiuno kinalipa. Kurudi, mguu wa mbele unaanza kwa nusu hatua, halafu wa nyuma. Wengi huurudisha wa nyuma kwanza, mtaimbo unasogea mbele ya kichwa, wanaukimbiza jukwaa zima, na hakuna ishara ya kushusha mpaka miguu iwe mstari mmoja na mtaimbo umetulia.

La tatu, kukaa. Wazito wengi huupokea mtaimbo wakiwa wamesimama nusu, kwa sababu kukaa chini kabisa na kuinuka na mwili ule ni kazi juu ya kazi. Kijana mwepesi akifundishwa hivyo atapanda vizuri hadi kilo 50 za snachi, kisha kwenye 60 atakwama mwaka mzima, na mwalimu atasema hana nguvu. Nguvu anazo. Hajui kuingia chini. Akae tangu mwezi wa kwanza, chini kabisa, kama mtu aliyekaa juu ya mbuzi akikuna nazi. Watu wengi wa huku wana bahati ya vifundo vya miguu vinavyokunjika vizuri. Ukitaka hakika, mpime: kidole gumba cha mguu sentimita 10 kutoka ukutani, goti liguse ukuta bila kisigino kuinuka. Asiyeweza, fundi viatu amwongezee kisigino cha mbao cha sentimita 2 kwenye kiatu kigumu. Cha mbao, shekhe, sponji hapana. Viatu vya mbio vyenye soli laini hubonyea upande mmoja uzani ukishuka, na goti hufuata upande huohuo.

Vijana wazuri zaidi wa kuanza nao mara nyingi ni hamali. Anayebeba mifuko ya saruji ya kilo 50 kutoka jeti ya Lamu kupandisha vichochoro vya Mkomani, au anayevuta mkokoteni kutoka soko la Malindi, tayari ana mshiko na mgongo ambao mtoto wa ofisini atautafuta miaka miwili. Anakuja pia na tabia. Mzigo kwake hukaa begani au kichwani, mabega ya juu yamejikunja mbele, na mtaimbo kukaa mbele, juu ya mitulinga, ile mifupa iliyo chini ya koo, anauona kama kitu kisicho na akili. Wiki tatu za kwanza mpe skwati ya mbele (kuchuchumaa na kuinuka mtaimbo ukiwa mbele ya mabega), seti 3 za mara 5, uzani mwepesi, vidole viwili tu chini ya mtaimbo na viwiko juu. Asing'ang'anie kuushika kwa kiganja kizima. Hapo ndipo kifundo cha mkono huuma na mtu akaacha kuja. Jambo ambalo walimu wengi hawalihesabu: siku ya meli ni siku ya mazoezi. Kama amebeba mizigo tangu alfajiri, ondoa seti zote za kuvuta jioni hiyo, mwachie ufundi na jeki nyepesi. Ukilazimisha, kiuno kitakwambia ndani ya mwezi.

Vifaa. Jimu nyingi hazina mtaimbo halali wa kilo 20, wenye urefu wa sentimita 220 na unene wa milimita 28. Wana paipu na mikebe ya rangi iliyojazwa zege. Si aibu, ila ijengwe vizuri. Paipu ya robo tatu ya inchi ina unene wa milimita 27 hivi, karibu sawa na mtaimbo wa kweli mkononi, lakini ukizidisha kilo 40 na kuirusha hupinda na hairudi. Paipu ya inchi moja huhimili maradufu ya hapo, ila unene wake ni milimita 33 hivi na vidole vifupi havifiki kufunga ndoana, ule mshiko wa dole gumba kukaa chini ya vidole viwili. Kwa anayejifunza, anza na ya robo tatu. Akizidi kilo 40 hamia ya inchi moja, na ndoana aifanyie mazoezi kwenye ile nyembamba. Mkebe wa lita 4 ukijaa zege unatoa kilo 9 na nusu hivi. Peleka yote miwili dukani kwenye mizani, usiamini macho. Ikitofautiana kwa nusu kilo, skwati haitaona, lakini snachi itageuka upande mmoja na utamlaumu kijana bure. Changanya saruji moja, mchanga mbili, kokoto tatu, na mchanga uwe wa mto; watu wa Malindi wana wa Sabaki. Wa ufukweni una chumvi, na paipu huoza kutoka ndani pasipoonekana. Funika na gunia lenye maji siku 7.

Kosa kubwa la mikebe liko kwenye kimo. Sahani halali ina kipenyo cha sentimita 45, kwa hivyo mtaimbo hukaa sentimita 22.5 kutoka chini. Mkebe una kipenyo cha 17 au 18, na paipu inakaa sentimita 9 hivi tu kutoka chini. Kijana anayejifunza kuanzia hapo anajifunza kuinama. Laza mbao tatu za 6 kwa 2 moja juu ya nyingine kila upande, sentimita 15 hivi, yeye asimame juu ya mkeka wa mpira wa sentimita 1, na kimo kitakuwa kimekaribia kabisa. Mikebe haiangushwi, kwa hivyo mfundishe kushusha: kifuani, mapajani, kisha mbao.

Aliyebahatika kuwa na mtaimbo wa kweli adui yake ni hewa. Karibu na bahari chumvi huingia kwenye bushi za ncha zinazozunguka, na ncha isipozunguka, sahani zinageuka pamoja na mtaimbo na kifundo cha mkono ndicho kinachokamuliwa. Kipimo ni cha nukta tano: inua ncha tupu, ipige kwa kidole. Ikizunguka kidogo na kusimama, safi. Ikigoma, mafuta taa kidogo, brashi ya nailoni, ifute ikauke, halafu matone 2 au 3 ya mafuta ya cherehani kila ncha. Kila jioni futa choki na jasho kwa kitambaa kikavu. Wakati wa kusi usiuegemeze kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe. Kuta zile hutoka jasho kuliko sisi. Na choki yenyewe iwe ya magnesiamu. Ya ubao wa shule haikaushi, inateleza tu ikichanganyika na jasho.

Chakula nitakipita haraka. Kijana wa kilo 60 anahitaji protini kama gramu 100 hadi 120 kwa siku. Samaki aliyepikwa wa gramu 200, mayai 2, kikombe cha mbaazi na nusu lita ya maziwa vinakaribia 90, na mahamri, chapati na wali vitajaza pengo. Hahitaji mkebe wa unga wa bei. Ramadhani, mazoezi mazito yaende baada ya tarawehe. Kabla ya futari ni dakika 45 za ufundi, asizidi asilimia 70, na seti zipunguzwe kwa theluthi mwezi mzima.

Mwalimu anatakiwa aweze kusoma tarakimu kama daktari. Kwa kawaida snachi huwa karibu asilimia 80 ya klini na jeki. Vlasov kule Roma, 155 kwa 202.5, ni asilimia 76 na nusu. Lasha Talakhadze wa Jojia, rekodi za dunia za mwaka 2021, 225 kwa 267, ni 84. Emily Campbell wa Nottingham, mzito wa England wa zama zetu, alipata fedha Tokyo kwa 122 na 161, takriban 76, na shaba Paris kwa 126 na 162, karibu 78. Unaona hata kileleni kunatofautiana, ila si kwa mbali. Kijana wako akiwa na snachi 60 na klini na jeki 70, snachi si tatizo. Miguu yake au jeki yake ni dhaifu, mpime skwati. Akiwa na 50 na 75, nguvu zipo, ufundi wa juu ya kichwa haupo. Huyu wa pili ndiye mabaunsa humwongezea skwati, na anazidi kuharibika kwa kasi.

Siku ya mashindano ndipo mazoea ya mzito humponza mwalimu tena. Daraja la wazito lina watu wachache, na kila mmoja anaruka kwa kilo nyingi, kwa hivyo mapumziko ni marefu. Kwa wepesi mambo hukimbia. Uzani hupimwa kuanzia saa mbili kabla ya kuanza, kwa muda wa saa moja. Kila mtu ana majaribio 3 kwa kila aina, mtaimbo hauteremki, na ongezeko dogo kabisa ni kilo 1. Ukiitwa una dakika 1. Ukijifuata mwenyewe, dakika 2. Tuseme kijana anaanza na snachi 60, ambayo iwe uzani anaouweza hata akiwa na usingizi wa basi la Nairobi. Pasha moto: 20 tupu mara mbili, 30, 40, 45, 50, 55. Hizo ni hatua 7. Jaribio moja jukwaani huchukua kama dakika moja au moja na nusu, kwa hivyo weka majaribio 3 ya wengine kati ya kila hatua. Anza basi majaribio 21 kabla ya zamu yake. Hesabu kwenye kadi za mashindano, wote walioomba uzani wa chini ya 60 na majaribio waliyobakiwa nayo, na hesabu upya kila mtu anapobadilisha. Wakiruka ghafla na zamu ikasogea, ondoa hatua moja ya katikati, usibane zote. Ikichelewa kwa zaidi ya dakika 5, rudia 50 mara moja.

Tazama na upakiaji. Vibanio halali ni kilo 2.5 kila kimoja, kwa hivyo 60 ni mtaimbo 20, vibanio 5, halafu 17.5 kila upande: sahani ya 15 ya njano ndani, ya 2.5 nyekundu nje. Vikitumika vibanio vya springi visivyo na uzani huo, hesabu ni nyingine, na mwalimu ndiye wa kuuliza. Mapaja yasipakwe mafuta wala poda ya watoto. Ni marufuku, ingawa choki inaruhusiwa. Na kijana aliyekulia kwenye mikebe ya zege apate walau siku 6 kwenye mtaimbo unaozunguka kabla ya safari, la sivyo atashtuka mkononi.

Jina likitajwa, mkanda umefungwa, choki imepakwa. Kama kosa lake ni mikono, anaambiwa neno lilelile la mazoezini anapopita: "Kamba." Ukiongeza la pili, la kwanza limepotea.